Jina la Biashara au Kampuni ya Mtu Mmoja: Ulinganisho kwa Mwenye Duka la Mtandaoni Nchini Kenya

Anayetaka kufungua duka la mtandaoni nchini Kenya akiwa peke yake, bila mshirika wala mwajiriwa, hukuta milango miwili anapoingia katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kufika kwenye usajili wa biashara. Mlango wa kwanza ni jina la biashara, linalosimamiwa na Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499. Mlango wa pili ni kampuni ya binafsi yenye dhima ya kikomo, inayoongozwa na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, ambayo inamruhusu mtu mmoja kuunda kampuni na kuwa mwanahisa na mkurugenzi wake pekee. Ushirika wa aina yoyote unahitaji watu wawili au zaidi, kwa hiyo hauhusiki hapa. Maombi yote mawili hupokewa na taasisi moja, Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, na kwa kuwa fomu zote hujazwa mtandaoni, wengi hudhani kwamba kinachozitenga njia hizi mbili ni bei tu. Bei ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. Tofauti kubwa ni nani atakayedaiwa mambo yakiharibika, na jibu la swali hilo hutegemea zaidi aina ya bidhaa kuliko ukubwa wa duka.

Kabla ya kulinganisha, lipo jambo ambalo wauzaji wengi hawaambiwi. Sura ya 499 inamtaka mtu asajili jina ikiwa anafanya biashara kwa jina lisilo lake. Anayeuza kwa jina lake halisi la ukoo, akiongeza tu majina yake mengine au herufi zake za kwanza, halazimiki na sheria hiyo kusajili chochote. Hata hivyo, akiongeza neno moja, kama vile "Mavazi" au "Manukato", amekwisha kuingia katika wajibu wa kusajili. Njia hii ya kutosajili ni halali, ila ina ufinyu wake: benki inayoombwa kufungua akaunti ya biashara itauliza cheti, na muuzaji wa jumla anayetaka kuuza kwa mkopo atauliza pia. Ninaitaja ili asiye na uhakika wa biashara yake ajue kwamba anaweza kujaribu soko kwa miezi kadhaa kwa jina lake mwenyewe bila kuvunja sheria hiyo, mradi ushuru na vibali vingine vinazingatiwa.

Usajili na karatasi zake

Kusajili jina la biashara hugharimu takriban shilingi elfu moja, ukijumlisha utafutaji wa jina na usajili wenyewe. Mwombaji huhitaji kitambulisho cha taifa, PIN yake, yaani nambari ya mlipa ushuru inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, picha, maelezo ya biashara na mahali inapofanyikia. Cheti kinachotolewa ni uthibitisho kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani, wala hakileti ulimwenguni kiumbe kipya cha kisheria. Ndiyo maana jina la biashara halina PIN ya pekee, na ushuru wake wote huingia katika PIN ya mwenyewe.

Kampuni hugharimu takriban shilingi 10,650 za usajili, na karatasi zake ni nyingi kidogo: ombi la usajili, katiba ya kampuni, taarifa ya hisa, anwani ya makazi ya mkurugenzi, anwani ya ofisi iliyosajiliwa, na taarifa ya mmiliki halisi mnufaika, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2020. Kwa kampuni ya mtu mmoja, fomu hiyo ya mmiliki mnufaika huonekana kama mzaha, kwa sababu mtu anaulizwa ni nani anayejificha nyuma yake, lakini ni lazima ijazwe. Sheria haihitaji katibu wa kampuni ikiwa mtaji uliolipwa haujafika shilingi milioni 5, na kwa hiyo duka dogo haliguswi na gharama hiyo. Kampuni hupata PIN yake yenyewe, na kuanzia siku hiyo kuna walipa ushuru wawili katika nyumba moja: wewe na kampuni yako.

Baada ya hapo jina la biashara linataka machache, yaani kutoa taarifa maelezo yanapobadilika na kutoa taarifa biashara inapokoma. Kampuni inataka ritani, yaani taarifa, ya kila mwaka kwa Msajili wa Kampuni, pamoja na ritani ya ushuru hata kama haikuuza kitu. Adhabu ya kuchelewesha ritani ya ushuru wa mapato inaonyesha jinsi dola inavyowatazama wawili hawa: kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kiasi kikubwa ndicho kinachotozwa, na kwa kampuni ni shilingi 20,000 au asilimia hiyohiyo 5. Kampuni iliyosajiliwa kwa shauku kisha ikasahauliwa huendelea kula pesa za mwenyewe ikiwa imelala, na nionavyo mimi hiyo ndiyo gharama halisi ya kampuni kuliko zile shilingi elfu kumi za mwanzo.

Nani anayedaiwa

Kwa jina la biashara, duka ni wewe. Deni la duka ni deni lako, na hukumu iliyotolewa dhidi ya duka inaweza kutekelezwa dhidi ya pikipiki yako, kiwanja chako na akiba yako, hata vile ulivyovinunua kabla duka halijazaliwa. Kwa kampuni, sheria inatambua watu wawili. Kampuni ndiyo inayonunua, inayouza na inayoshtakiwa, na hasara ya mwanahisa haivuki thamani ya hisa alizochukua.

Msingi wa jambo hili ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1897, ambayo mahakama za Kenya huifuata hadi leo. Aron Salomon, fundi na mfanyabiashara wa viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni wakati sheria ikidai wanachama saba, akawapa mkewe na watoto wake watano hisa mojamoja, naye akabaki na zilizosalia. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema kwamba kampuni ile ilikuwa Salomon tu aliyevaa joho. Mahakama ya juu ilikataa, ikaamua kwamba kampuni iliyosajiliwa ipasavyo ni mtu mbali na mwenye hisa zake. Kenya nayo, chini ya sheria ya zamani, ilidai wanachama wawili kwa kampuni ya binafsi, ndiyo sababu kampuni nyingi za umri fulani zina mke, kaka au shangazi mwenye hisa moja ambaye hajui hata kampuni inauza nini. Sheria ya 2015 imeondoa haja ya kuazima majina ya jamaa.

Hata hivyo, ukuta huo wa kisheria ni mwembamba zaidi kwa mtu anayefanya kazi peke yake, na hapa ndipo matangazo ya wasajili wa kampuni yanaposema nusu ya ukweli. Kwanza, benki au msambazaji anayejua kazi yake hatakubali kuikopesha kampuni changa bila mkurugenzi kutoa dhamana yake binafsi, na akishaitoa, ukuta umetobolewa kwa deni hilo. Pili, mikopo ambayo wauzaji wadogo huitegemea kwa kweli, kama ile ya simu ya Fuliza na M-Shwari kwenye laini zao, ni mikopo ya mtu binafsi tangu mwanzo. Kampuni haihusiki nayo hata kama pesa zilinunua bidhaa za kampuni. Tatu, mtu huwajibika kwa uzembe wa mikono yake mwenyewe. Katika kampuni yenye wafanyakazi hamsini, mkurugenzi anaweza kusema kwamba si yeye aliyefunga mzigo. Katika duka la mtu mmoja, aliyechanganya mafuta, aliyeandika lebo na aliyefunga mzigo ni mtu yuleyule, na mteja aliyeungua ngozi anaweza kumshtaki pamoja na kampuni. Nne, anayechota pesa za kampuni kama mfuko wa suruali yake, au anayeitumia kampuni kudanganya, anawapa wadai hoja ya kuiomba mahakama ilipasue pazia na kumfuata aliye nyuma.

Kinachobaki baada ya kutoa hayo manne bado si kidogo. Kampuni inakulinda dhidi ya madeni ya kawaida ya biashara ambayo hukuyawekea dhamana: mzigo ulioagizwa ukakosa soko, kodi ya ghala, malipo ya awali ya wateja mia mbili waliolipia bidhaa ambazo msambazaji hakuzileta. Inakulinda pia kwa kiasi kikubwa pale bidhaa iliyotengenezwa na mwingine inapoleta madhara bila uzembe wako. Anayeuza chaja na betri za simu kutoka nje ana sababu ya kuutaka ulinzi huu. Anayenunua leso kwa pesa taslimu katika Barabara ya Biashara, Mombasa, na kuzituma kwa wateja waliokwisha kulipa, hana deni la kumtisha na bidhaa yake haimchomi mtu. Kwake ukuta huo unazuia upepo ambao hauvumi.

Ushuru

Katika ushuru, watu wengi hutarajia kwamba kampuni itawapunguzia, na kwa duka dogo ni nadra iwe hivyo. Tuanze na kinachofanana. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka huingia katika ushuru wa mauzo ghafi, unaojulikana kama TOT, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo na huwasilishwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huu unawahusu mtu binafsi na kampuni sawasawa, na haujali kama umepata faida au hasara. Mlipaji anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki TOT, akalipa ushuru wa kawaida wa faida. Hapo ndipo wawili hawa wanapotengana, kwa sababu kampuni hulipa asilimia 30 ya faida tangu shilingi ya kwanza, ilhali mtu binafsi hulipa kwa ngazi: asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za mwanzo za mwaka, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30, na zaidi kwa mapato makubwa, halafu hupunguziwa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka.

Chukua duka lenye mauzo ya shilingi milioni 3 kwa mwaka. TOT yake ni shilingi 90,000, kwa jina la biashara au kwa kampuni. Ikiwa faida yake ni shilingi 400,000, kwa sababu bidhaa zina faida nyembamba, mtu binafsi asiye na mapato mengine aliyechagua ushuru wa kawaida atalipa shilingi 28,600, na kampuni iliyofanya hivyohivyo italipa 120,000. Faida ikiwa 600,000, mtu binafsi atalipa 88,600, karibu sawa na TOT, na kampuni 180,000. Faida ikifika 1,200,000, kama inavyotokea kwa vitu vya kutengeneza kwa mkono, TOT ya 90,000 inakuwa neema kwa wote wawili, kwani ushuru wa kawaida ungekuwa 268,600 kwa mtu binafsi na 360,000 kwa kampuni. Maana yake ni kwamba duka la faida nene halina sababu ya kiushuru ya kuchagua huku wala kule, na duka la faida nyembamba lina sababu nzito ya kubaki jina la biashara na kuweka hesabu nzuri.

Hesabu hiyo hubadilika kwa mtu aliyeajiriwa kwingine, na wenye maduka ya mtandaoni walio wengi huanza wakiwa na ajira. Mshahara wake umekwisha kula ngazi za chini na ile nafuu. Faida ya duka inakaa juu ya mshahara, na akiwa anapokea zaidi ya takriban shilingi 32,300 kwa mwezi, kila shilingi ya faida inatozwa asilimia 30 au zaidi. Kwake, faida ile ya 400,000 ingezaa ushuru wa 120,000, sawa kabisa na kampuni. Bado kampuni ina hatua ya pili: pesa zilizomo si zako mpaka uzitoe, ama kama mshahara wenye PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, na makato yake, ama kama gawio linalokatwa asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya.

VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ina kizingiti chake cha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa miezi 12, na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, unawahusu wote wawili. Tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza faida inayotozwa ushuru, kwa hiyo anayekusudia kuikwepa TOT kwa sababu ya faida nyembamba ahakikishe kwanza kwamba wauzaji wake wa jumla wanatoa ankara hizo. Anayenunua katika soko la Gikomba kwa neno la mdomo atapata shida kuthibitisha kwamba faida yake ni nyembamba kweli.

Kupokea pesa na kuaminiwa

Mwenye jina la biashara anaweza kupokea malipo kwa Pochi la Biashara kwenye laini yake au kuomba nambari ya tili kwa kitambulisho na cheti chake. Kampuni huombwa zaidi: cheti cha usajili, PIN ya kampuni, na CR12, ile hati inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, ambayo benki na wasambazaji huitaka ikiwa mpya. Kwa upande mwingine, mteja aliye kampuni kubwa au shirika mara nyingi hupendelea kununua kutoka kwa kampuni, na mwekezaji hawezi kununua hisa za mtu. Mteja wa kawaida anayenunua viatu kupitia Instagram haulizi chochote kati ya hivi; anauliza kama utamtumia mzigo kabla hajalipa.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kibali cha biashara cha kaunti kinadaiwa kwa wote wawili. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 ina vifungu mahsusi kuhusu mikataba ya intaneti: muuzaji anapaswa kueleza bidhaa, bei na masharti kabla mteja hajakubali, na kumpa mteja nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu kwa sababu unahifadhi majina, nambari za simu na mahali wateja wanapoishi. Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa katika sekta zilizotajwa na kanuni, lakini haijasamehewa kuitii sheria yenyewe. Bidhaa kama vipodozi na vifaa vya umeme zina viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kiwango hakiulizi kama muuzaji ni mtu au kampuni.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kudhani kwamba usajili wa jina, uwe wa biashara au wa kampuni, unakupa umiliki wa jina hilo sokoni. Haukupi. Alama ya biashara husajiliwa katika taasisi nyingine, KIPI, inayosimamia hakimiliki za viwandani, kwa kipindi cha miaka 10 kinachoweza kuhuishwa, na mwenye alama anaweza kukuzuia kutumia jina lililo katika cheti chako cha BRS. Kwa duka la mtandaoni, ambalo mali yake kubwa huenda ikawa jina na wafuasi wake, mimi ningemshauri mtu mwenye shilingi chache aanze na jina la biashara na kuzielekeza shilingi zilizobaki kwenye alama, kuliko kuzimaliza zote kwa kampuni yenye jina lisilolindwa.

Kufa, kuuza na kufunga

Mwenye jina la biashara akifariki, bidhaa na pesa za duka huingia katika mirathi yake kama mali nyingine. Kampuni haifi, na hisa zake hurithiwa. Lakini kampuni ambayo mkurugenzi wake pekee amefariki haina mtu wa kutia sahihi mpaka warithi wapate hati ya usimamizi wa mirathi, na katika kipindi hicho akaunti hukaa kimya vilevile. Faida ya kampuni hapa ni ndogo kuliko inavyosemwa, ila huongezeka ikiwa mwenyewe atamteua mkurugenzi wa pili akiwa hai. Kuuza ni rahisi zaidi kwa kampuni, kwa sababu hisa huhamishwa na mikataba hubaki palepale. Kufunga ni rahisi zaidi kwa jina la biashara, kwa kuwa kampuni lazima iombe kufutwa katika daftari, na anayeiomba ahakikishe kwanza kwamba ritani zake zimekamilika.

Kwa hiyo, anayeuza nguo, leso, vitabu au vitu vya mkono kwa pesa taslimu, bila mkopo wa wasambazaji, aanze na jina la biashara, na asione haya. Anayeagiza vifaa vya umeme, vipodozi, vyakula au vifaa vya watoto, au anayepokea malipo makubwa kabla ya mzigo kufika, afungue kampuni tangu mwanzo, kwa jina la kampuni anunue, kwa akaunti ya kampuni apokee, na asiiguse tili yake kwa matumizi ya nyumbani. Aliye katikati anaweza kuanza na la kwanza na kuhamia la pili, akijua kwamba madeni aliyoyaingia kwa jina la biashara yatabaki yake mpaka ayalipe, na kwamba siku ya kuhama itabidi tili, akaunti ya benki, PIN inayotoa ankara za eTIMS, kibali cha kaunti na masharti yaliyoandikwa kwenye tovuti vibadilishwe vyote pamoja, kwani ankara moja inayoendelea kutoka kwa PIN ya zamani inatosha kumrudisha mwenyewe katika dhima aliyokuwa akiikimbia.